Mruko wa miraba mitatu

Kazi yangu ni kupima. Mimi ni mkadiriaji majenzi, nashinda nikihesabu tofali, nondo na mita za mraba za plasta ambayo fundi bado hajaianza. Nalisema hili mapema ili msomaji asishangae huko mbele, maana nitaisifia gemu kwa vipimo vyake kabla ya uzuri wake, na najua si wengi wanaoingilia mlango huo.

Gemu yenyewe ni Tomb Raider. Ile ya kwanza, ya mwaka 1996, iliyotengenezwa na Core Design, kampuni ya mji wa Derby, Uingereza. Nimeicheza ilivyozaliwa, nikaicheza ilipoundwa upya mwaka 2007, na nimeirudia tena tangu tarehe 14 Februari 2024, ilipotoka ikiwa imefungwa pamoja na ya pili na ya tatu. Watu wakijua ninayo, huniuliza picha. Zimependeza? Sura inaonekana? Maji yanang'aa? Inaonekana, yanang'aa. Mimi swali langu ni moja tu: Lara Croft, dada unayemwendesha humo, akikimbia akaruka, anavuka miraba mingapi?

Sisi Tanga tuliijua kwenye banda la gemu, Ngamiani, uani kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza barafu za ukwaju. Televisheni zilikuwa chache na benchi lilikuwa moja. Banda lile lilikuwa la Winning Eleven. Wavulana walishika foleni ya mpira tangu wanapotoka chuoni hadi adhana ya magharibi, na msichana ukitaka pedi ukubali kucheza kisichopendwa, tena kwenye televisheni iliyopotelewa na rangi nyekundu. Kisichopendwa kilikuwa Lara Croft. CD ilikuwa ya kunakili, video zote zimekatwa na muziki mwingi haupo. Kwa hiyo hatukujua Natla, adui wa hadithi ile, ni nani, hatukujua kile kipande cha dhahabu anachokitafuta kina kazi gani, wala nani kamtuma. Kwetu Lara alikuwa dada aliyejikuta pangoni Peru na bastola mbili, basi. Hadithi hatukuipata, tulichopata ni vyumba.

Na vyumba vile vimejengwa kwa miraba. Dunia nzima ya gemu ile, kuanzia mapango ya Peru mpaka piramidi la Atlantis, imekatwa miraba iliyo sawasawa, kila mmoja una upande wa vipimo 1024 katika hesabu za kompyuta, na sakafu na dari hupanda au kushuka kwa robo ya mraba, yaani 256. Hakuna ukingo uliowekwa kwa jicho. Na mwili wa Lara umepimwa kwa mraba huohuo. Akiruka kutoka kusimama, anavuka pengo la mraba mmoja. Akikimbia kwanza, miwili. Akikimbia, akaruka, nawe ukashikilia kitufe cha kudaka, vidole vyake vinakamata ukingo ulio ng'ambo ya miraba mitatu. Ukimsimamisha ukingoni kisha ukamrusha nyuma mara moja, amepata nafasi kamili ya kuanzia mbio: mwachie akimbie huku umeshikilia kitufe cha kuruka, atanyanyukia ukingoni penyewe. Na ukishikilia kitufe cha kutembea hadondoki. Atafika mwisho wa sakafu atasimama.

Ukishalijua hilo, kila chumba kinasomeka. Unasimama, unatazama, unahesabu. Pengo lile ni mbili, linapitika. Lile tatu, linapitika kwa kudaka. Lile nne, kwa hiyo njia haiko huko, tafuta swichi. Hakuna mshale wa kukuelekeza wala mtu wa kukunong'oneza sikioni. Mimi nilikuwa mtoto mwoga, gemu za kukimbizana zilinitoa jasho, lakini hii ilikubali mtu asimame afikiri. Wavulana wa benchi walinicheka. "Wee, mbona umesimama tu, pisha wenzio." Nilikuwa nahesabu.

Kwenye PlayStation ile ya kwanza kulikuwa na jambo moja zaidi. Huwezi kusevu unapotaka. Kuna fuwele ya buluu inayoelea hewani ikizunguka, ndiyo unayoigusa, na ukiitumia imekwisha. Waliocheza kwenye kompyuta walisevu popote, wakaruka huku wamejikinga. Sisi kati ya fuwele moja na nyingine tulitembea kwa adabu. Tena memori kadi ya banda ilikuwa ya watu wote, na mwenye ligi yake ya mpira alipokosa nafasi hakuona dhambi kufuta safari ya mtu. Ndiyo maana steji za mwanzo nazijua kwa kichwa. Nilizianza upya mara zisizo na idadi.

Steji niipendayo kuliko zote iko Ugiriki, inaitwa St. Francis' Folly. Unatokea juu ya shimo refu, jengo limezama ardhini, vipandio vimechomoza ukutani huku na huku, na njiani kuna milango minne yenye majina: Thor, Neptune, Atlas, Damocles. Kila mlango una mtihani wake na ufunguo wake. Kwa Atlas kuna tufe la jiwe linalokufukuza kwenye korido. Kwa Thor kuna radi na nyundo kubwa. Kwa Damocles panga zimening'inia darini juu ya kichwa chako, na zikidondoka hazitoi taarifa. Mungu wa watu wa kaskazini huko Ugiriki kafuata nini, na yule mtakatifu wa Kikristo kwenye jina la steji kaingiaje, waliotengeneza hawakujisumbua. Walitaka milango minne, wakaweka milango minne.

Funguo zote zikipatikana unashuka chini kabisa kuzitumia. Lakini utamu uko kwenye shimo lenyewe. Unapanda, unashuka, unapita palepale kwa upande mwingine, na kidogokidogo jengo zima linakukaa kichwani. Nilipofika chuo kikuu, mwalimu alitubandikia ukutani mchoro wa sekisheni, jengo limepasuliwa kutoka paa hadi msingi ili sakafu zote zionekane kwa pamoja. Wenzangu waliinamisha vichwa kulia na kushoto. Mimi nilikuwa nimeshalitazama jengo namna hiyo nikiwa na miaka kumi na kitu, nimekaa kwenye benchi, mkononi barafu ya ukwaju inanitiririkia.

Sasa tuje kwenye kuliunda upya.

Mwaka 2003 Core walitoa Angel of Darkness, gemu iliyotoka kabla haijaiva, ikapigwa mawe pande zote. Eidos, waliokuwa wamiliki, wakauchukua mfululizo kutoka Derby wakaupeleka California kwa Crystal Dynamics. Ilipokaribia miaka kumi ya Lara, Core walikuwa wameanza kuiunda upya ile ya kwanza, safari hii kwa ajili ya PSP, mashine ya gemu ya mkononi. Kazi ikasimamishwa mwaka 2006, wakapewa Wamarekani. Na kwa Wamarekani yupo nani? Toby Gard, yuleyule aliyembuni Lara, ambaye aliondoka Core mwaka 1997 hata kabla ya gemu ya pili kutoka. Derby wakabaki na jengo lililoishia kwenye linta, na miaka mingi baadaye toleo lao lisilokamilika likavuja mtandaoni, watu wakalifungua na kulitembelea.

Iliyofika madukani Juni 2007 ni Tomb Raider: Anniversary. Kwa lugha ya kazini kwangu, ile ilikuwa kubomoa na kujenga upya kwenye kiwanja kilekile. Anayepita barabarani ataona nyumba imependeza. Mimi nauliza msingi, na msingi ulikuwa umeng'olewa. Miraba haipo. Kuta zimepinda, miamba ina maumbo ya miamba, Lara anageuzwa akiwa hewani na anadaka ukingo wenyewe bila kuambiwa. Ana kamba yenye kulabu ya kunasa kwenye pete za ukutani. Na kwa kuwa huwezi tena kuhesabu, imebidi kingo zinazoshikika zitofautishwe kwa rangi na umbo, ndipo ujue pa kwenda. Unatafuta alama, unairukia. Ukidondoka, si hesabu iliyokuangusha. Kamera ilikuwa imegeuka.

Nisiwe mkavu. Anniversary ina mambo mazuri, na la kwanza ni shimo langu. St. Francis' Folly ya 2007 ni kubwa kiasi cha kutisha. Unatokea juu, kamera inainama, na sakafu huioni. Thor ameondolewa akawekwa Hephaestus, Neptune akawa Poseidon kama Wagiriki wenyewe wanavyomwita. Marekebisho ya kisomi, mie sikuwa nimeyaomba, lakini ndani ya vile vyumba vinne wamefikiri kweli, na mtihani wa kila mlango umekuwa mrefu na wa akili kuliko wa zamani. Kama kuna mtu anataka kujua kujenga upya kunaweza kuongeza nini, acheze steji ile.

Kisha acheze Lost Valley aone kunavyoweza kupunguza.

Mwaka 1996 unaingia bonde la kijani ndani ya mlima. Wanakuja mijusi wadogo wa kukimbia, unawapiga, unapumua. Kompyuta za wakati ule hazikuweza kuchora mbali, kwa hiyo mbele kulikuwa giza tupu, na ndani ya giza lile unasikia sakafu inatikisika. Halafu kichwa. Hakuna filamu, hakuna tangazo, mnyama anatoka tu pale ambapo kompyuta imeishiwa nguvu, na pedi bado iko mikononi mwako, ni juu yako kukimbia au kupigwa butwaa. Banda zima liliacha mpira siku ile. Udhaifu wa mashine waliugeuza chombo cha kutishia watu. Kwenye Anniversary mashine inaona mbali, giza halina udhuru tena, basi T-Rex, yule dinosaria mkubwa, kaletwa kwa filamu. Pedi inanyamaza, unabonyeza kitufe unachoonyeshwa, kisha mnazunguka kiwanjani: akukimbilie, umkwepe, muda uende polepole, upige risasi, ajigonge. Ni pambano zuri la bosi. Nimelicheza bila mapigo ya moyo kubadilika.

Wamemgeuza na Lara mwenyewe. Wa 1996 anamuua Larson, kibaraka wa Natla, anaendelea na safari zake. Wa 2007 anamuua Larson, anaitazama mikono yake, na tunaonyeshwa kwamba ni binadamu wake wa kwanza. Wengine wanaona hapo ndipo alipopata utu. Kwangu aliupata kwenye namna anavyojivuta ukingoni: ukishikilia kitufe cha kutembea wakati anapanda, badala ya kujikongoja anasimama kwa mikono, miguu juu, polepole, halafu anashuka upande wa pili. Hakuna faida yoyote. Anafanya kwa sababu anaweza. Mtu wa namna hiyo namjua, nina shangazi yangu wa hivyo hivyo.

Halafu ikaja hii ya 2024, na hii ni ukarabati. Aspyr wa Texas hawakuandika gemu mpya. Wamechukua msimbo wa Core wenyewe, ule wa miaka ya tisini, wakauamsha ukimbie kwenye mashine za leo, na juu yake wakapaka picha mpya. Chini, gemu ya zamani inaendelea na maisha yake. Unabonyeza kitufe kimoja, kwenye kompyuta ni F1, picha mpya zinatoweka na za zamani zinarudi papo hapo, Lara yuko katikati ya mruko na hapotezi hata inchi. Unabonyeza tena, nyasi zinaota.

Walioifanya kazi hii ni watu walioishi humo. Kiongozi wa ufundi alikuwa Timur Gagiev, mtandaoni XProger, ambaye kabla ya kuajiriwa alikwisha kuandika upya injini ya gemu ile peke yake kwa mapenzi tu, akaiita OpenLara, akaiachia bure. Iliweza kukimbia ndani ya kivinjari cha intaneti. Akaibana mpaka ikaingia Game Boy Advance, kijimashine ambacho hakikuzaliwa kwa picha za namna hiyo. Mtu aliyefika hapo anajua kila nati ya gemu, na hawezi kukwambia kwamba 1024 au 1000 ni mamoja.

Nilipoifungua sikwenda Peru. Nilimpeleka Lara kwenye ukumbi wa mazoezi nyumbani kwake, nikamsimamisha, nikamrusha nyuma, nikamwachia. Alinyanyukia ukingoni penyewe. Nilicheka peke yangu sebuleni.

Sasa kasoro, na ya kwanza ni taa. Waliochora mwaka 1996 walitia mwanga pale mchezaji anapohitaji kuona, hata kama chumba hakina dirisha wala mwenge. Wa 2024 wamejiuliza swali la mchoraji mwaminifu: mwanga huu unatoka wapi? Na jibu la uaminifu, kwenye kaburi lililofungwa miaka elfu, ni kwamba hakuna mwanga. Vyumba kadhaa vikawa giza kuliko vya zamani, funguo zikapotea kwenye vivuli, wachezaji wakalalamika kwa wingi, na masahihisho ya baadaye yakapunguza tatizo bila kulimaliza. Nimezoea kutembea na picha mpya na kutafuta kwa picha za zamani. Nafika chumba, natazama uzuri, nabonyeza kitufe, naokota ufunguo, nabonyeza tena.

Kasoro ya pili haikulalamikiwa na wengi, na ndiyo inayoniuma. Kwenye picha za zamani kila mraba ulibandikwa kipande chake cha picha ya jiwe, na maungio yao yalionekana wazi. Watu waliyaona yale maungio kama ufukara wa mashine. Lakini maungio yale ndiyo yaliyokuwa rula! Ukuta mzima ulikuwa umetiwa alama za vipimo, ukisimama mbali unahesabu: moja, mbili, tatu. Wachoraji wapya wameotesha ukoka juu yake, wamemwaga kifusi, wamepitisha nyufa kutoka mraba mmoja hadi mwingine. Kazi safi sana, mkono wa fundi unaonekana. Miraba ipo vilevile, pengo ni lilelile, ila rula imepigwa plasta. Mgeni anayeanza na picha mpya hajui kwamba chumba kinahesabika. Ataruka kwa kubahatisha, atadondoka, ataandika mahali kwamba gemu za zamani hazikuwa na haki.

Mgeni wa namna hiyo ninaye nyumbani. Mtoto wa kaka yangu yuko kidato cha pili, na likizo ya Desemba aliletwa kwangu ili "asaidie kazi", yaani ale. Nikamwekea gemu.

"Shangazi, mbona anageuka kama tingatinga?"

Ni kweli. Kwa uendeshaji wa asili, kushoto na kulia havimpeleki Lara kushoto na kulia. Vinamzungusha palepale aliposimama, na mbele ni mbele ya uso wake, popote kamera ilipo. Toleo la 2024 lina uendeshaji wa pili wa kisasa, unaofanana na ule wa gemu za kina Anniversary: unasukuma kijiti upande unaotaka, anakimbilia huko, na kamera unaigeuza mwenyewe. Nikamwashia huo. Alikimbia vizuri sana. Na alidondoka vizuri sana. Maana akikimbia kwa kufuata kijiti, anafika ukingoni akiwa amekaa mshazari kidogo, na pengo la miraba mitatu ukilivuka mshazari si tatu tena. Ule mruko wa kurudi nyuma, ambao ndio ufunguo wa hesabu yote, haukai vizuri mkononi kwa uendeshaji huo, kwa kuwa kurudi nyuma sasa maana yake ni kugeuka na kukimbia kuja kwako.

"Gemu mbovu hii, Shangazi. Nimebonyeza kabisa."

"Haijaharibika, baba. Umesimama upande. Mnyooshe kwanza na ukingo."

"Nimnyooshe vipi na yeye anazunguka tu?"

Sikumjibu, nikaenda kugeuza wali. Nilimkuta amerudi mwenyewe kwenye ule wa tingatinga. Baada ya siku mbili tatu alikuwa haangalii tena vidole, na mara nikamsikia anahesabu kwa sauti, "mbili, hiyo mbili, naruka." Mwisho wa likizo alinipita, vijana wana mikono ambayo sisi tumeshairudisha. Ila Tomb Raider ya pili alicheza nusu tu, kwa sababu alipogundua kwamba kwenye jumba la Lara kuna mhudumu mzee anayekufuata na sinia huku vyombo vinagongana, na kwamba unaweza kumvuta mpaka chumba cha baridi cha jikoni ukamfungia humo, hakutaka tena makaburi. Kila siku jioni mzee wa watu anaingizwa kwenye baridi. Nilimwambia ana laana.

Kama wangeniuliza (hawataniuliza), uendeshaji wa kisasa ungebaki lakini ungeheshimu miraba. Mchezaji akishikilia kitufe cha kutembea karibu na ukingo, Lara ajinyooshe mwenyewe na mraba, na kitufe kimoja kiachwe kwa ajili ya kurudi nyuma hatua ile moja. Mtoto wa leo angeendesha anavyojua, na hesabu ingempata humohumo. Badala yake tumepewa nyumba mbili, ya wazee na ya vijana, na ya vijana mlango wake haufungi sawasawa.

Jambo jingine, kwa kuwa nimeulizwa, ni lile onyo la mwanzoni. Gemu ikifunguka kuna maandishi yanayoonya kwamba ndani mna taswira za watu wa mataifa mengine zilizojengwa kwa dharau za wakati ule, na kwamba wameamua kuziacha kama zilivyokuwa. Wengine walikasirika kwamba wanafundishwa adabu. Mimi nakumbuka gemu ya tatu, wale watu wa visiwa vya Pasifiki, walivyochorwa, na nakumbuka banda zima la watoto weusi tukiwapiga risasi bila kuuliza. Ningekasirika kama wangewafuta kimyakimya na kujifanya hawakuwahi kuwepo. Onyo linatosha. Mtoto wa kaka alilisoma lote, akauliza swali moja zuri, tukaendelea.

Mnaotaka kununua na hamjawahi kuicheza, ushauri wangu: anza na hii ya 2024, uendeshaji wa asili, picha za zamani kwa steji zote za Peru. Ukifika Ugiriki macho yatakuwa yamezoea, washa picha mpya. Na kwenye steji ya Palace Midas ukiona mkono mkubwa wa sanamu umelala chini, usipande juu yake kwa udadisi. Huyo ni mfalme Midas, kila anachokigusa ni dhahabu, na wewe si vipande vya madini ya risasi. Vipande hivyo ndivyo umpe.

Anniversary inunue baadaye kwa ajili ya lile shimo.

Mimi kwa sasa niko kwingine. Mwaka 2000 Core walifanya jambo la ukarimu: walipotoa Tomb Raider Chronicles ya kompyuta, walitia ndani programu waliyokuwa wakijengea vyumba wao wenyewe. Mpaka leo watu wanajenga steji zao, na mashabiki wametengeneza programu mpya ya bure, Tomb Editor, iliyo rahisi kuliko ile. Unaifungua unakuta karatasi ya miraba. Niliona kama nimefika ofisini.

Ninajenga Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani, kasri la Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, karne ya 14, ndiye aliyekuwa anatawala Ibn Battuta alipopita mwaka 1331. Nimefika pale kwa mguu, na kuta za matumbawe zinakubali miraba bila ugomvi. Vyumba vyenyewe ni vyembamba, vimepangwa safu kwa safu. Kilichonitesa ni bwawa, kwa kuwa bwawa la Husuni Kubwa lina pembe nane. Kwa gemu ya kwanza lisingewezekana kabisa, sakafu yake haijui kukata mraba kuwa pembetatu. Uwezo huo ulikuja na gemu ya tatu, mwaka 1998. Programu ya 2000 inao, na hii ya mashabiki pia. Kwa hiyo nimekata miraba ya pembeni nusu kwa nusu, na pembe nane zimepatikana, ingawa nne ni ndefu kuliko nne nyingine na macho yangu ya kazini hayajaridhika. Kutoka ukingo wa bwawa hadi baraza, nimeacha pengo. Mnajua ni la ngapi.

Mtoto wa kaka ananisaidia kwa simu kutoka Tanga, yaani anatoa amri. Wiki hii ugomvi ni wa T-Rex, anataka awekwe kwenye ule ua mkubwa wa kusini. Nimemwambia Kilwa hapakuwa na mnyama huyo.

"Kwani Peru alikuwepo, Shangazi?"

Bado sijampa jibu.